Machozi ya Daktari wa Wodi ya Saratani

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi pia ni daktari, na huu ni mwaka wangu wa pili katika wodi ya saratani. Mwezi uliopita tulimpoteza mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi, aliyefikishwa kwetu ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Wanawe walinisihi nisimwambie hali yake, nami nikakubali. Kila asubuhi aliniuliza atarudi lini nyumbani, huku akinionyesha nauli aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Alipofariki nilijifungia stoo nikalia, na tangu siku hiyo nikifika kwenye kitanda kile napita upesi. Je, kazi hii hainifai?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kulia kwako hakunitii wasiwasi hata kidogo. Kinachonitia wasiwasi ni kule kupita upesi, kwa sababu kitanda kile sasa kina mgonjwa mwingine anayekungoja. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linataja kujitenga na kazi kuwa mojawapo ya dalili za uchovu unaoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu, wala halihesabu uchovu huo kuwa ugonjwa.

Nikiisoma barua yako, naona kwamba kilichokuumiza zaidi ya kifo ni siri uliyoibeba kila asubuhi mbele ya mtu aliyekuamini. Wana wale walikusihi kwa mapenzi, nami siwalaumu, lakini mwenye kuamua ajue nini alikuwa mama mwenyewe. Mwaka 2000 wataalamu wa saratani wa Marekani na Kanada walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kumpa mgonjwa habari mbaya, na kabla ya kufika kwenye habari yenyewe daktari humuuliza mgonjwa anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, kisha angependa kuelezwa kwa kiasi gani. Wapo watakaosema, “Zungumza na mwanangu,” na hapo utanyamaza kwa ridhaa yao. Pengine mama yule, kwa kuuliza kila siku, alikuwa akikufungulia mlango.

Na kama unajiona umeshindwa kumsaidia, muda uliopotea kabla hajafika kwenu hukuupoteza wewe. Kama alipata mofini ya maji kwa saa zake na akalala usiku bila maumivu, alitibiwa, na aliyemtibu ni wewe.

Mtafute muuguzi aliyekuwa zamu siku ile, mzungumze juu ya marehemu, maana naye ameondoka na lake moyoni. Usingizi ukikupaa kwa wiki mbili au zaidi, muone mshauri nasaha bila kuona haya. Na kesho anzia raundi kwenye kitanda kile: vuta kiti, keti, umuulize aliyelala pale kwao ni wapi.