Nilisusa, Nikadhani Nimeachilia

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia saa nane usiku. "Dada, tangu nisome makala yako ya India nimejifunza kuachilia. Nimejitoa kwenye kundi la familia, kazi nimeacha, na mdogo wangu hatusemezani mwezi wa nne sasa. Sina kinyongo na mtu. Mbona usingizi sipati?"

Nilitaka kumjibu palepale, nikashindwa. Makala ile niliiandika kwa mbwembwe mno, na nusu yake sikuwa nimeiishi. Leo naitengua.

Wanaonifahamu wanajua habari ya shule. Tuliianza wawili, mimi na rafiki yangu, sebuleni kwangu, na watoto tisa na viti vya plastiki vya kuazima. Jina nililitoa mimi. Wimbo wa asubuhi niliutunga mimi nikiwa napika uji wao. Mwaka wa tatu niliitwa kwenye kikao ambacho barua ya kuniondoa ilikuwa imeshachapwa kabla sijakaa. Mambo ya hisa na wanasheria nayaruka, yanachosha. Nilitoka pale na mkoba wangu na boksi moja la chaki, nikamwambia kila aliyeniuliza: "Nimemwachia Mungu." Watu wakanisifu kwa ukomavu. Hawakujua kuwa nilikuwa napanda daladala mbili badala ya moja ili nisipite mbele ya lile geti.

Halafu kaka yangu akahitaji upasuaji wa moyo, tukaenda India, mjini Chennai, jimbo la Tamil Nadu. Alipopata nafuu, wifi akabaki naye, nami nikapanda basi kwenda Tiruvannamalai, karibu kilomita 200 kusini-magharibi, chini ya mlima unaoitwa Arunachala. Nilikuwa nimesoma habari za mtawa mmoja wa Kihindu aliyeishi pale zaidi ya miaka hamsini, Ramana Maharshi. Nilikwenda, nikiri tu, ili nithibitishiwe kwamba nimeshafika.

Mtu huyu alizaliwa 1879. Julai 1896, akiwa na miaka 16, yuko peke yake kwenye nyumba ya baba yake mdogo mjini Madurai, akashikwa na hofu ya kifo, ghafla, wala hakuwa mgonjwa. Badala ya kukimbia kuita watu akajilaza kama maiti, akabana midomo na pumzi, akajiuliza: haya, mwili umekufa, na mimi je, nimekufa? Wiki sita baadaye aliondoka nyumbani. Kaka yake alikuwa amempa rupia tano akamlipie ada. Akachukua tatu za nauli, mbili akaziacha pamoja na barua. Barua hiyo inaanza na "mimi", ikifika katikati inasema "hii", na mahali pa sahihi kuna vistari tu. Mimi niliyeweka sahihi yangu hadi kwenye ufagio wa shule, kipande hicho kilinichoma.

Siku yangu ya pili kwenye ashram yake, yaani makao ya kitawa, kengele ya chakula cha mchana ikagongwa. Tukakaa sakafuni kwa safu, kila mmoja na jani lake mbele. Wagawaji wanapita mbiombio na ndoo za wali, sambar (mchuzi wa dengu) na maziwa mgando mepesi. Wa wali akamwekea mzee wa kushoto kwangu, akachungulia ndoo yake, akageuka akaondoka. Mwenzake aliyetokea upande wa pili akaishia kwa mama wa kulia kwangu. Nikabaki katikati na jani tupu.

Ilichukua dakika moja, labda hata haikutimia, mgawaji akarudi na ndoo iliyojaa. Lakini ndani ya dakika hiyo nilikuwa nimefungua kesi nzima: ni kwa sababu mimi ni mweusi, ni kwa sababu ni mwanamke niliyekuja peke yangu, siku zote ni mimi, hata kule ilikuwa hivihivi. Hukumu nimeshatoa, mkono unatetemeka. Niliyejisifu kuachilia shule nzima nilishindwa kuachilia upawa mmoja wa wali.

Mwaka 1902 mtu mmoja alimwendea Ramana, ambaye wakati huo alikuwa hasemi, akamuuliza maswali akajibiwa kwa maandishi. Kiini cha majibu yale ni kidogo sana. Wazo likija, usilifukuze wala usilifuate. Uliza: limemjia nani? Utajibu, mimi. Sasa mtafute huyo mimi. Nikajaribu palepale na wali mdomoni. Hasira hii ni ya nani? Yangu. Wewe nani? Mwanzilishi. Mwanzilishi wa nini, hapa sakafuni Tamil Nadu? Sikupata mwanga wowote, msije mkanizushia. Nilichopata ni aibu, na aibu ilitosha kwa siku ile.

(Na kabla hamjaniuliza: sijabadili dini. Jumapili naimba kwaya kama kawaida. Wasomaji Waislamu mna neno zuhudi, kutoshikwa na mambo ya dunia, mnajua ninachogusa.)

Kuachilia kwa kweli Wahindu wanakuita vairagya. Raga ni rangi, na pia ni ile shauku inayokushika. Vairagya ni hali ya rangi kukutoka. Mimi naielewa kwa kanga. Kanga haichuji kwa kuitupa jalalani. Ukiitupa inabaki na rangi yake yote hukohuko. Inachuja kwa kuvaliwa na kufuliwa, kuvaliwa na kufuliwa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, dada uliyeniandikia. Hata Arjuna, shujaa wa vita katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, alianza kwa kususa. Upinde unamponyoka, anasema afadhali akaombe chakula kuliko kupigana na jamaa zake. Maneno ya kitawa kabisa! Krishna, mungu anayemshauri, hakumpigia makofi. Ule mstari maarufu wa sura ya pili, kwamba haki yako ni kazi na si matunda yake, watu wanaukatia katikati. Unaendelea: wala usishikamane na kutotenda. Kuacha kazi kwa hasira na kuita utulivu, Krishna alishakukatalia siku nyingi.

Na Ramana huyohuyo, mama yake alipomfuata mara ya kwanza, 1898, akamlilia arudi nyumbani, hakurudi. Lakini 1916 mama alikuja kuishi naye mlimani, na siku ya kufa kwake, Mei 1922, mwanawe alikaa naye saa nyingi, mkono mmoja kichwani kwa mama na mmoja kifuani, mpaka pumzi ya mwisho. Ashram yenyewe ilikua kando ya kaburi la mama huyo. Hata ng'ombe wake, Lakshmi, aliyekufa 1948, ana kaburi pale, nimeliona. Mtu aliyeachilia dunia alimzika ng'ombe kwa heshima. Wewe na mimi tumeshindwa kupokea simu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na nitaurudia hadi mchoke: jiulize nani anayeumia. Asubuhi kabla hujashika simu, jiulize. Ukitaka kujitoa kwenye kundi, jiulize kwanza ni nani anayejitoa, na kama anatarajia watu watagundua ameondoka. Ukiona anatarajia, huyo amesusa. Anayesusa anaondoka huku anasikiliza nyuma kama ataitwa. Tuache kudanganyana, ndugu zangu. Nusu ya amani tunayoitangaza mitandaoni ni kununa kulikopambwa kwa mapicha ya machweo.

Wahindu wana msemo mwingine, vairagya ya mahali pa kuchomea maiti: ile hali ya kusema "dunia si kitu" ukiwa msibani, na kabla ya arobaini mnagombania shamba. Mwezi uliopita alifiwa na mama yake yule rafiki yangu wa shule. Nikaenda. Nilijiona nimekomaa kweli. Nikavua viatu, nikajifunga kanga, nikaingia jikoni nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Nikampa pole kwa kumkumbatia, na ilikuwa pole ya kweli.

Jioni mama mmoja wa jirani akawa anatambulisha wageni waliokuja kwa kuchelewa. Akamfikia mfiwa: "Na huyu ndiye mwanzilishi wa ile shule." Yeye akaniangalia, akainamisha macho. Mimi nikainama kwenye sufuria kubwa la pilau, lile lililoungua chini.

Nikauliza, imemjia nani? Nikauliza tena. Sikujibiwa. Nikachukua mchanga na maganda ya nazi, nikasugua mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Sufuria lile lilitakata kuliko yote.