Usimlazimishe Babako Amshukuru Kibaki

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana wa Kizingitini, kwetu Lamu, anayesoma chuo kikuu Nairobi. Likizo iliyopita alikaa barazani na babake na ami zake. Mazungumzo yakafika kwenye bandari mpya ya Lamu, naye akasema bandari ni maendeleo, na kwamba Mzee Kibaki ndiye rais aliyeikumbuka Lamu. Babake akainuka akaenda zake. Tangu siku hiyo kijana akipiga simu nyumbani, mamake ndiye anayepokea. Ananiuliza: "Dada, nilikosea wapi? Nilisema kweli."

Ujumbe huo nimeusoma mara tatu. Kosa lake nalijua, kwa sababu nililifanya mimi kabla yake, tena hadharani, na siku zote zilizobaki za likizo yangu baba yangu hakunisemesha.

Mimi ni binti wa mvuvi, mzaliwa wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Mwaka 2002 nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa narudishwa nyumbani kila muhula kwa sababu ya ada. Miezi ya kusi bahari ikichafuka, chombo kilikaa ufuoni na sisi tulikaa na mama, naye anasuka mikeka. Muhula wa mwisho wa mwaka ule sikuumaliza. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kwamba shule ni ya watoto wa wengine. Halafu Kibaki akaapishwa Desemba 30, na Januari 2003 ikatangazwa kwamba elimu ya msingi ni bure. Nchi nzima watoto zaidi ya milioni 1 waliingia darasani mwaka ule. Katika darasa letu tulibanana wanne kwenye deski moja, na nyuma walikaa wavulana wakubwa waliokuwa wameshaanza kwenda baharini. Sijasahau harufu ya madaftari yale mapya. Mwaka 2008, nilipoingia kidato cha kwanza, serikali ikaanza kulipia na masomo ya sekondari. Leo nafundisha hesabu Mombasa, na mshahara wangu umemsomesha mdogo wangu mpaka akamaliza. Nayasema haya kwa fahari, na najua wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo: wa kwanza kwenu kuvaa joho, wa kwanza kutuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Basi Ijumaa ya Aprili 22, 2022, ilipotangazwa kwamba Mzee Kibaki amefariki, nilikuwa nyumbani Lamu. Ilikuwa Ramadhani. Nililia kwa dhati. Nikaandika maneno marefu kwenye Facebook: jinsi alivyonirudisha shule, na jinsi alivyotuletea bandari. Nikamalizia kwamba Waamu tuna deni la shukrani, na wanaoilalamikia bandari hawajui thamani ya walichopewa. Watu wakapenda, wakasambaza, nami nikafurahi.

Baada ya futari mdogo wangu akamsomea baba. Sikumtuma. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe cha kahawa chini, akasema, "Mwenye kulalamika ni mimi. Ungeandika na jina langu." Akavaa kofia, akaenda tarawehe. Nilirudi Mombasa bila kuagwa.

Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nilimuumiza. Mwanzo nilijitetea. Nilisema hajasoma, haoni mbali, na mimi ndiye ninayetuma pesa. Naona uchungu kuyaandika haya, lakini ndivyo nilivyowaza.

Baba alikuwa akivua upande wa kisiwa cha Manda kwa jarife na madema, kwa mashua yenye injini ndogo. Machi 2, 2012, Kibaki alikuja Magogoni, penye bandari, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, reli, barabara na bomba la mafuta. Mimi nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nasubiri chuo, na nilishangilia. Baba siku ile alitengeneza wavu. Kisha ikaja mitambo ya kuchimba kina cha bahari. Maji yakawa matope, wavu ukapanda mzito bila samaki, mikoko ikakatwa, na njia walizopita tangu babu zao zikawa za kuzungukwa. Waliambiwa waende bahari kuu. Kwa mashua ya futi ishirini na kitu? Kwa mafuta ya nani?

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka huo huo wa 2012. Mwisho wa Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ya mazingira, ya kupewa habari na ya utamaduni wao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Malipo yakavutana miaka kadhaa, mpaka kukawa na makubaliano: asilimia 65 taslimu, asilimia 35 kwa vifaa na miradi ya uvuvi. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021 chini ya Uhuru Kenyatta.

Kwetu fidia iliingia na fitina. Jina la baba lilikuwemo orodhani, la ami yangu halikuwemo. Wamevua chombo kimoja miaka thelathini! Kwa miezi mingi ami hakufika kwetu, na mama aliogopa hata kupika samaki wa kupaka Ijumaa kwa sababu ndicho chakula ami alichokuwa akijia. Wewe kijana uliyeko Nairobi unasikia bilioni, wala husikii hilo.

Desemba ya mwaka ule aliofariki Kibaki nilirudi nyumbani. Sikuomba msamaha kwa maneno. Nilimwambia baba anipeleke alikokuwa akivua. Akanitazama, akasema, "Wayua kuogelea bado?" Tulitoka na kaskazi alfajiri. Akanitajia majina ya miamba na vina, kimoja kimoja, kwa kuangalia miti ya pwani na rangi ya maji. Nilihesabu kumi na saba. Mengi sikuwahi kuyasikia, na mimi nimezaliwa pale. Mahali pamoja akazima injini akanyamaza. Kisha akasema, "Hapa ndipo palipokununulia sare."

Nikakumbuka. Elimu ilikuwa bure, ndiyo, lakini sare haikuwa bure, wala viatu, wala taa ya kusomea. Miaka yote nilipokuwa nikisema Kibaki amenisomesha, baba alikuwa akisikia kwamba yeye hakunisomesha. Palipokuwa pananisomesha ndipo palipochimbwa, na mimi nilimtaka ashukuru kwa yote mawili kwa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kizingitini, ulisema kweli, lakini ulisema kweli yako mbele ya mtu aliyepoteza, tena mbele ya ami zako. Rais mmoja anaweza kukupa wewe na kumnyima babako. Usijaribu kujumlisha. Mimi nafundisha hesabu na nakwambia hesabu hii haijumlishwi. Lililo jema liseme kwa jina lako: mimi nilipata. Usiseme Lamu imepata. Na usimtajie zile bilioni. Pesa ya fidia si ushahidi kwamba mtu ameridhika. Mahakama imeandika kwamba alidhulumiwa, na ukimtajia kiasi unamwambia bei yake.

Sikiliza kwanza. Nalisema na nitalirudia, kwa sababu sisi tuliosoma ndilo linalotushinda. Tumezoea kupewa alama kwa kujibu.

Na wazee wetu nao, kama kuna anayenisoma au kusomewa: msituite wasaliti. Niliitwa hivyo na watu walionibeba mgongoni, na bado linaniuma. Kumpenda aliyenirudisha darasani si kuichukia bahari yenu. Wapo pia wanaomkumbuka Kibaki kwa katiba ya 2010, na wapo wanaomkumbuka kwa damu ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100. Kila mmoja amebeba lake, na hakuna aliyetumwa na serikali wala na wapinzani.

Baba hajamsamehe Kibaki na mimi sijaacha kumwombea dua. Tunazungumza. Picha ya Kibaki niliyoitundika chumbani kwangu nyumbani baba hajaitoa, na mimi sikuihamishia sebuleni.

Likizo ijayo, kijana, usianze na simu wala na maelezo marefu. Fika, mwamkie, kaa siku mbili tatu. Kisha mwombe akupeleke baharini akuonyeshe palipokununulia sare. Chukua daftari uandike majina, maana hayako kwenye ramani yoyote. Na mafuta ya injini ununue wewe.