Hipnosi au tiba ya mazungumzo: niliyoyapitia baada ya ajali

Miezi minane baada ya basi letu kupinduka usiku karibu na Mtito Andei, breki za gari zikilia tu viganja vilinitoka jasho, na kila ifikapo saa nane za usiku nilizinduka nikipapasa kutafuta mkanda wa kiti. Kaka yangu alinipeleka kwa mtaalamu wa hipnosi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno hadi azame katika hali kama ya usingizi na kufuata maelekezo. Alinilaza, akaniagiza nihesabu pumzi kutoka 20 kurudi nyuma, na baada ya vikao vinne nikaanza kulala. Kwa hilo namshukuru kwa dhati. Katika kikao cha tano alitaka kunirudisha ndani ya basi ili nikumbuke niliyoyasahau. Nilikataa, nami nakusihi ukatae, kwa sababu hipnosi inaweza kumfanya mtu aamini kwa uhakika hata mambo ambayo hayakutokea.

Baadaye nilimwendea mshauri nasaha. Alitandaza kamba sakafuni iwe maisha yangu, nami nikaweka ua palipo na jema na jiwe palipo na baya. Tulipofikia jiwe la basi alinitaka nisimulie polepole, kwa mpangilio: nilikaa upande gani, nilisikia harufu gani, na mwili unahisi nini hivi sasa. Wiki mbili za kwanza ndoto zilizidi, na nilikaribia kuacha; ni vyema ulijue hilo mapema. Njia hiyo ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali, ikitolewa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi, na matokeo mazuri yakachapishwa mwaka 2008.

Siipuuzi hipnosi. Utafiti wa Richard Bryant na wenzake nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2005, uliiongeza kwenye tiba ya mazungumzo kwa manusura wa ajali na mashambulizi, na mwisho wa matibabu kumbukumbu za kushtua zilikuwa zimepungua zaidi. Hata hivyo, kama fedha zako zinatosha tiba moja tu, chagua mazungumzo yanayoligusa tukio lenyewe, na kabla ya kulipa muulize mtaalamu kama atakusaidia kulisimulia.

Mshauri wangu aliandika simulizi yote na kunikabidhi siku ya mwisho. Mwezi uliopita nilikwenda Mombasa kwa basi la mchana. La usiku bado sijalipanda.