Muulize Fundi: Kishikwambi kipya, mfumo mgeni

SWALI

Assalaamu alaykum Fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani hapa Bwejuu. Hesabu zetu zote, nani kaleta kilo ngapi na nani kachukua kamba na taitai za kufungia mwani kwa mkopo, nilikuwa naziandika kwenye iPad mini 2 aliyonipa kaka yangu. Mwenyewe ndiye aliyenambia kuwa haipati tena masasisho, nikaona bora nitafute kingine. Nimenunua kishikwambi cha Android cha bei ndogo: kioo inchi 8.7, RAM GB 3, nafasi GB 32. Hii ni wiki ya kwanza na bado moyo haujatulia.

Nilichokipenda ni kuwa chepesi, chaji inafika jioni, na flashi ya mnunuzi nimeichomeka nikaona mafaili yake papo hapo, jambo ambalo kule sikuliweza. Lakini maandishi hayakolei kama nilivyozoea. Nikifungua jedwali kinasita. Nikigusa kimya, nikigusa tena kinajibu mara mbili. Pwani ndiyo kabisa, vidole vikiwa na maji ya chumvi kinafungua nisichokitaka. Matangazo nayo yanajitokeza juu ya kioo bila ya mimi kufungua kitu. Na naambiwa iPad yangu ina RAM GB 1 tu! Vipi chenye GB 3 kiwe kizito kuliko chenye moja? Wenzangu wanasema nikirudishe dukani. Nikirudishe? Na hesabu za kule nitazihamishaje?

Katibu wa kikundi, Bwejuu

JIBU

Waalaykumu ssalaam, Bi Katibu. Usikirudishe bado. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu umetazama vizuri kuliko wengi wanaoniletea vifaa hapa Mlandege wakasema tu "kibovu". Mengi uliyoyaona ni kweli. Ila baadhi yake ni ya wiki ya kwanza na yataondoka, mengine ni tabia ya mfumo na yanarekebishika, na moja ni la kifaa chenyewe, hilo utaishi nalo.

Nianze na hilo la kuishi nalo. Kioo cha iPad mini 2 ni cha inchi 7.9 na kina nukta 2048 kwa 1536, yaani nukta 326 katika kila inchi. Vishikwambi vya inchi 8.7 vya bei ndogo kwa kawaida huwa na nukta 1340 kwa 800, ambazo ni kama 179 kwa inchi. Macho yako hayakukudanganya, na hakuna mpangilio utakaoongeza nukta zisizokuwepo. Kuza maandishi kidogo, na ukiwa juani tumia mandhari meupe yenye maandishi meusi. Watu wengi wanapenda mandhari meusi siku hizi, lakini mchana wa pwani kioo cheusi hurudisha uso wako mwenyewe badala ya hesabu.

Sasa hiyo RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi. iPad yako ilitoka 2013 na prosesa, yaani ubongo wa kifaa, iitwayo A7. Kampuni iliyobuni prosesa hiyo ndiyo hiyo hiyo iliyoandika mfumo endeshi wake, na mfumo ule una ukali: programu ukiitoka, muda mfupi baadaye inagandishwa. Android ina uhuru zaidi. Programu zinaruhusiwa kufanya mengi zikiwa nyuma ya pazia, na kila moja inataka sehemu yake ya RAM. Kwa hiyo GB 3 za huku na GB 1 ya kule hazipimwi kwa ratili moja.

Pia usihukumu kwa maneno ya kwenye boksi. Utaona "koa 8", yaani vitengo vinane vya kufanyia kazi ndani ya prosesa, zimeandikwa kwa herufi kubwa. Katika vifaa vingi vya bei hiyo, koa zote nane ni za aina ya Cortex-A53, muundo uliotangazwa mwaka 2012, wenye sifa ya kula chaji kidogo, si ya kukimbia. Unapogusa kioo, kazi ya kukujibu mara nyingi inaangukia koa moja au mbili; zile nyingine sita haziwezi kuisaidia. Na nafasi ya kuhifadhi ya vifaa hivi huwa ni ya aina ya eMMC, iliyo kama mlango mmoja mwembamba: programu moja ikiwa inaingiza sasisho, jedwali lako linasubiri nje.

Hapo ndipo lilipo suala la wiki ya kwanza. Kishikwambi kipya kikishaunganishwa na intaneti huanza kusasisha programu zote zilizokuja nacho, kupanga picha na kuandaa orodha ya mafaili, na yote hayo yanapita kwenye mlango ule ule. Kuna na jambo lingine ambalo wauzaji hawalielezi. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu haitafsiriwi yote kwa lugha ya prosesa wakati wa kuiweka. Mfumo unaangalia kwanza wewe unatumia sehemu zipi, halafu unazitafsiri hizo wakati kifaa kimetulia na kiko kwenye chaja. Usipokipa nafasi hiyo, unaendelea kutumia programu ambazo bado hazijawa tayari. Basi fanya hivi: usiku kichomeke kwenye chaja, washa Wi-Fi, zima kioo, ukiache mpaka alfajiri. Rudia usiku kadhaa. Kisha ndiyo ufungue jedwali lako na uamue.

Wakati huo huo, punguza mzigo. Ingia Mipangilio, tafuta orodha ya programu, uondoe usizozitumia, zisizoondoka uzizime. Tangazo likijitokeza, usilifute tu. Libonyeze kwa muda mpaka likuoneshe ni programu gani iliyolileta, kisha uzime arifa za programu hiyo. Ikiwa mchezo au tochi ndiyo inayotuma matangazo, mimi naiondoa kabisa, na nakushauri uiondoe.

Jambo la tatu litakufurahisha. Kwenye taarifa za kifaa, gusa nambari ya muundo mara 7, na utafunguliwa ukurasa wa wasanidi programu. Humo kuna vipimo vitatu vya uhuishaji, yaani miondoko ya kurasa zinapofunguka na kufungwa, vyote vimewekwa kwenye 1. Viweke kwenye 0.5. Prosesa haiongezeki nguvu, lakini kurasa zinafunguka bila madaha na mkono unaona tofauti. Vingine katika ukurasa huo usiviguse.

Vidole vya chumvi. Kioo cha kugusa kina umeme mdogo wake chenyewe, na hufanya kazi kwa kuhisi jinsi unavyobadilika kidole, ambacho hupitisha umeme, kinapokigusa. Maji ya bahari yanapitisha umeme vizuri, kwa hiyo tone likitua kwenye kioo, kifaa kinalihesabu kuwa ni kidole kingine. iPad nayo ina kioo cha aina hiyo. Nadhani ulikuwa ukiichunga zaidi kuliko hiki. Nunua mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ule wa kufunga juu, na ujifutie vidole kwa kanga kavu kabla ya kugusa. Badala ya kuongoza kwa kutelezesha kidole, chagua vile vitufe vitatu vya chini: kurudi, mwanzo na programu za karibuni. Kidole chenye majimaji hukosea mtelezo, lakini kitufe hukipata.

Na tafadhali sana, bamvua likiingia mkawa mnavuna kutwa, usikichomeke chaja mara tu unaporudi. Chumvi yenye unyevu ndani ya tundu la chaja, umeme ukipita, inakula vile vyuma vidogo. Nimeyaona matundu ya aina hiyo yamegeuka kijani, na kubadilisha tundu kwenye kifaa cha bei ndogo kunakaribia kutokuwa na maana. Kipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu kwa maji baridi ya kisima au ya bomba, kikaushe, kikae na upepo, ndipo ukichaji. Usikisuuze.

Tuje kwenye hesabu, ambazo kwangu ndizo kubwa kuliko kioo na prosesa, maana zile ni fedha za watu. Ikiwa uliziandika kwenye Numbers, ile programu ya majedwali ya iPad, usilitume faili hilo kama lilivyo, Android haitalifungua. Fungua Numbers kwenye iPad, chagua kutoa nakala kwa muundo wa Excel, ujitumie kwa barua pepe. Huku zifungue kwa Majedwali ya Google, na uliwekee faili alama ya kupatikana bila intaneti, ili bando likiisha uendelee kuandika. Hakiki jumla za kila mwanachama kwenye vifaa vyote viwili zikiwa ubavu kwa ubavu. Fomula chache hubadilika njiani. Picha hazina tabu: iPad mini 2 hupiga picha za JPEG, na kila kifaa kinazisoma. Maandishi ya kwenye Notes yatume kwa barua pepe moja moja.

Faida uliyoitaja kwa kupita, ile ya flashi, mimi naiona ndiyo sababu ya kubaki na mfumo huu. iPad yako iliishia kwenye toleo la mfumo la iOS 12, na sasisho lake la 12.5.7 lilitoka Januari 2023. Uwezo wa kusoma flashi ndani ya programu ya mafaili ulikuja na iPadOS 13 ya mwaka 2019, ambayo mini 2 haikuipata. Katibu wa kikundi anayepokea mafaili ya wanunuzi, tena anayetakiwa kuweka nakala ya hesabu mahali pa pili, anauhitaji uwezo huo kuliko herufi kali. Nunua memori kadi ya kampuni inayojulikana, na kila mwisho wa bamvua unakili jedwali humo. Kadi ikae kwa mweka hazina, isikae nawe.

WhatsApp hukuniuliza, lakini utaihitaji. Huna haja ya laini ya pili. Kishikwambi cha Android kinaunganishwa na akaunti ya simu yako kupitia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Simu yenyewe ifungue mara kwa mara, kwani ikipita zaidi ya siku 14 bila kutumika, kishikwambi kitatolewa kwenye akaunti.

Kikikaa usiku hizo kwenye chaja, ukakipunguzia mzigo, na bado kikawa kinajibu mguso mmoja mara mbili hali ya kuwa vidole vikavu, basi hapo kioo kina kasoro. Kirudishe na risiti mkononi.

SWALI

Fundi, kaka yangu kaninunulia kishikwambi mtandaoni. Mipangilio inasema RAM GB 16, nafasi GB 512, na Android mpya kabisa. Lakini hata kufungua kamera ni shida, na video nilizonakili zamani hazifunguki. Au sijui kukitumia? Kabla ya hapo nilikuwa na kompyuta ya Windows.

Mwanafunzi wa skuli, Wete

JIBU

Unajua kukitumia, mwanangu. Kuna watengenezaji wanaobadilisha maandishi ya ukurasa wa Mipangilio yaseme wanachotaka, kwa hiyo ukurasa huo usiwe ndiyo shahidi wako. Shahidi ni video zako. Nafasi ikiwa ya uongo, faili linaonekana limeingia, jina lake lipo, hata ukubwa wake upo, lakini ndani hamna kitu, au jipya limeandikwa juu ya lile la zamani.

Pima hivi. Chukua kwenye kompyuta video kubwa zinazofunguka, uzinakili nyingi mpaka uipite GB 32, kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zikigoma, umeshajua. Andaa picha za jaribio hilo, mpe kaka yako adai fedha zake mapema, kwani muda wa kudai kwenye maduka ya mtandaoni una kikomo.

Kuhusu RAM, wakati mwingine hesabu haiwi ya uongo kamili bali imejumlishwa. Ukiona "8+8", nane ya pili imekopwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhi, ambayo ni ya polepole mno kulinganisha na RAM ya kweli. Usiilipie.

SWALI

Bwana Fundi, nina Nexus 7 ya 2013, nzima, imeishia Android 6.0.1. Inawezekana kuitia mfumo mwingine?

Msomaji, Chake Chake

JIBU

Inawezekana, na kifaa hicho ni kizuri kwa kazi hiyo: RAM GB 2, kioo cha nukta 1920 kwa 1200. Mafundi wa kujitolea wamekiandikia LineageOS, mfumo uliojengwa juu ya Android, mradi ulioanza mwishoni mwa 2016 baada ya ule uliotangulia, CyanogenMod, kufungwa; na kikundi kingine cha kujitolea, UBports, nao wamekiwekea Ubuntu Touch, mfumo usio wa Android. Ubuntu Touch utaipenda kwa kusoma na kuandika, ila programu za Android ulizozizoea usizitegemee humo. Mimi ningeanza na LineageOS.

Jua kwanza chako ni kipi. Cha Wi-Fi pekee kinaitwa flo, chenye tundu la laini kinaitwa deb, na faili la kimoja haliendi kwenye kingine. Nakili picha zako zote kabla ya kitu chochote, maana kufungua kufuli la uanzishaji, lile linalozuia mfumo mgeni usiwekwe, kunafuta kila kilichomo. Kiwe na chaji ya kutosha, na waya uwe mzima. Betri ikiwa imevimba usianze kabisa. Programu za benki huenda zikakataa kufunguka baada ya hapo, kwa hiyo hizo zibaki kwenye simu. Ukikwama katikati, niandikie jina la modeli na maneno yote yanayotokea kwenye kioo, herufi kwa herufi, ndipo nitaweza kukusaidia nikiwa huku Unguja.