Mfarishi wa viraka vya kanga: jibu kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha. Maswali yako ni matatu, na nayataja hapa ili wenzio wa kikundi wakiisoma barua wajue tunazungumza nini. Kwa nini mfarishi wenu wa viraka vya kanga, tandiko lile la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, ulinyooka vizuri mezani, kisha ulipofuliwa mara moja tu ukajikunjakunja na kando zikawa mawimbi? Kwa nini kile kiraka chekundu kimechuja hadi kwenye vyeupe? Na je, muikubali kazi ya mteja anayetaka mfarishi wa kitanda cha sita kwa sita?

Kwanza nikwambie kwamba ushonaji wenu sina neno kubwa nao, ila upana wa mishono nitakaoutaja mbele. Nimeikuza picha ya pembeni, mshono umekaa sawa. Kilichowaponza zaidi kilitokea kabla uzi haujatungwa kwenye sindano: kwenye ndoo, na kwenye mkasi.

Kanga ikitoka dukani ina wanga. Ndiyo maana inakuwa ngumu mkononi na inalia ukiikunja. Wanga ule hukudanganya, kwa sababu kitambaa cha kanga kimefumwa wazi wazi, na kikishafuliwa nyuzi zinasogeleana, kitambaa kinarudi. Kila kanga hurudi kwa kiasi chake. Kitenge nacho kina kiasi chake, na marekani mliyoiweka nyuma, ile pamba nzito isiyopaushwa, hurudi zaidi kuliko vyote. Mkiviunga vikiwa vipya, siku ya kufua kila kimoja kinavuta upande wake, na mshono uliokuwa umenyooka unakuwa mikunjo.

Dawa yake ni kufua kila kitu kabla ya kukata, hata kitambaa cha nyuma na cha katikati. Fueni kwa maji ya moto na sabuni, maana hamjui mteja atafua vipi. Mkitaka kujua kitambaa fulani kinarudi kiasi gani, chukueni uzi wa rangi mpige mraba wa inchi 20 kwa 20 juu yake, mfue, mkaushe, mpige pasi, kisha mpime ule mraba. Ukiwa 19, kimerudi inchi moja katika 20. Kwenye mfarishi wa inchi 90 hiyo ni inchi nne na nusu, na ndiyo mikunjo niliyoiona kwenye picha. Pimeni pande zote mbili, kwa sababu mara nyingi mtande, nyuzi za urefu, hurudi kuliko mshindio, nyuzi za upana.

Mabaki mnayopewa na mafundi yachungueni sana. Mengine yanaonekana kitenge kumbe ni nailoni. Chomoeni nyuzi chache, muziwashe moto juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na inaacha jivu laini linalosagika vidoleni. Nailoni inayeyuka, inajiviringa na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kitambaa cha namna hiyo kiwekeni kando kabisa: hakirudi wakati jirani yake anarudi, na pasi inayoifaa pamba inakiyeyusha.

Sasa hiyo rangi. Nyekundu, nyeusi na buluu iliyokoza huwa na rangi ya ziada ambayo haikushika kwenye uzi kiwandani. Kulowesha kwenye chumvi au siki, kama wengi wanavyoelekezana, hakuizuii. Chumvi ina kazi yake kwenye pipa la kutilia rangi, lakini kitambaa kikishamalizika haiwezi kuifunga rangi iliyobaki. Kinachosaidia ni kuitoa yote. Lowesheni kila rangi kali peke yake, maji ya moto na sabuni, mbadilishe maji mpaka yatoke meupe. Kisha jaribuni: kitambaa kikiwa bado kibichi kiwekeni juu ya kipande cha bafta nyeupe, mkandamize kwa pasi ya moto. Bafta ikipata doa, rudini kwenye ndoo. Kuna kanga ambazo hata mfue vipi haziishi kuchuja. Hizo msizitie kwenye kazi yenye nyeupe, hata kama mji wake, yaani mchoro wa katikati, umewapendeza namna gani.

Mfarishi huo uliokwisha haribika bado una matumaini, hasa kama hamjaupiga pasi. Tafuteni beseni kubwa kuliko mnalodhani linatosha. Uzamisheni wote kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, muuache saa nyingi, hata usiku kucha. Ukijaa kwenye beseni dogo, rangi iliyotoka haina pa kwenda ila kurudi kwenye vyeupe. Mwageni, mrudie. Usikauke katikati ya kazi.

Nije kwenye mkasi, na hapa nitakaa, kwa sababu mawimbi ya kando yametoka huku.

Kiraka chenu cha pembeni, kile chenye mchoro wa korosho, kimekatwa kufuata mchoro. Kanga nyingi mchoro wake haukukaa sawa na nyuzi. Umeenda upande kidogo kwenye mashine ya kuchapia, na mkikata kwa kufuata mchoro, ukingo wa kiraka unapita hanamu, yaani mshazari wa nyuzi. Ukingo wa hanamu unavutika: ukiushika tu unaongezeka, charahani ikiusukuma unaongezeka, pasi ikipita juu yake unaongezeka. Vikikaa viraka kumi na tano hivyo kwenye ukingo mmoja, ukingo unakuwa mrefu kuliko katikati ya mfarishi, na urefu wa ziada hauna pa kukaa ila kucheza.

Kwa hiyo fuateni uzi. Njia nyepesi ya kuupata ni kuchana: tieni mkasi kidogo kwenye ukingo, kisha vuteni kwa mikono, kanga inachanika kwenye mstari wa uzi wake. Ukingo uliochanwa umelegea nyuzi, punguzeni nusu inchi kabla ya kupima. Pindo la kanga ndilo pekee la kufuata mchoro, kwa sababu jicho linaona haraka mstari wa pindo ukienda upande. Likiwa limepinda sana, liacheni. Jina la kanga nalo likateni zima, au msilitie kabisa. Maneno yaliyokatwa katikati yanasomeka vibaya, na mara nyengine yanasema jambo ambalo hamkukusudia kulitandika kwenye kitanda cha mtu.

Kigezo cha kadi kitupeni. Kila mkikizungushia kalamu pembe zake zinalika, na kiraka cha hamsini hakilingani na cha kwanza. Kateni kigezo kwenye mfuniko wa ndoo ya plastiki au kipande cha bati, na kalamu ichongwe kila mara. Mstari mnene wa chaki peke yake ni milimita mbili.

Mnaona milimita mbili si kitu? Piga hesabu. Safu ya viraka 15 ina mishono 14. Kila mshono ukila milimita mbili za ziada, safu inapungua milimita 28, zaidi ya inchi. Safu ya pili imeshonwa na mwenzio ambaye mshono wake ni mwembamba, haikupungua. Mkiziunganisha, pembe za viraka haziwezi kukutana hata mvute vipi. Ndiyo maana kwenye picha pembe zinakutana upande wa kushoto, na kila mkienda kulia zinaachana.

Mshono wa viraka ni robo inchi, na kila charahani ya kikundi ipimwe. Kateni viraka vitatu vya inchi 6½, mviunge kwa safu, mpige pasi, kisha mpime kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 6 kamili. Kikipungua, mshono ni mpana; kikizidi, ni mwembamba. Mkishapata pahala sahihi, bandikeni plasta kwenye bati la charahani iwe ukuta wa kuelekezea kitambaa. Hatua za sindano ziwe kama kumi na mbili kwa inchi.

Pasi isitembezwe. Inueni, mshushe, muinue. Mshono ulazwe upande mmoja, kuelekea rangi iliyokoza ili usionekane chini ya nyeupe, na safu ya pili ulazwe upande wa pili, ili mishono miwili ikikutana ikae kubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Mkitumia pasi ya makaa, wekeni kitambaa kingine juu ya viraka, jivu lisianguke kwenye bafta.

Pindo la kuzungushia mfarishi msilipime kwa kulilaza ukingoni na kukata linapoishia. Pimeni mfarishi katikati, juu na chini, mchukue wastani wa vipimo hivyo vitatu, mkate mapindo mawili ya urefu huo, kisha muulazimishe ukingo ulingane nayo kwa pini. Mawimbi mengi hufia hapo.

Katikati mlitia ile pamba ya nailoni ya kujazia mito. Kwa joto letu la Unguja hakuna atakayejifunika kitu hicho, na nyuzi zake zinapenya kwenye kanga na kutokeza juu kama manyoya. Sufi nayo ni ya mito, ikifuliwa inajikusanya mabonge. Wekeni shuka kuukuu la pamba, au kanga zilizochakaa. Zimeshafuliwa mara nyingi, hazirudi tena, na hazichuji.

Kushikamanisha tabaka tatu kuna njia mbili, na zinapingana. Ile ya kawaida: kitambaa cha nyuma kinatandazwa sakafuni kinyooke bila kuvutwa, cha katikati juu yake, viraka juu, kisha mnapiga bandi, mishono mirefu ya muda, kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Hata mshono wa mkono wa mwisho unaanza katikati, ili kitambaa cha ziada kisukumwe mpaka kitokee ukingoni. Mkianza pembeni mnakifungia ndani, na kinakuwa kikunjo cha milele.

Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili ya wazee wao ni Afrika, wanafanya kinyume chake. Mfarishi wao, kawandi, unaanzia kwenye ukingo na kuzunguka kwenda ndani mpaka katikati. Unawezekana kwa sababu hawaungi viraka kwanza. Kila kiraka kinakunjwa kando, kinalazwa kwa kiganja juu ya kitambaa cha nyuma na kushonwa hapo hapo kwa mkono, mistari iliyokaribiana, basi kila kimoja kinanyooshwa kabla ya jirani yake kufika. Pembeni wanatia vipande vilivyokunjwa pembe tatu wanavyoviita phula, na bila hivyo wanauona mfarishi uko uchi. Njia hii ninaipenda sana kwa wenzio wanaoshona kofia za viua, ambao mkono wao umeshazoea mshono mdogo usiobadilika. Haitaki charahani, haitaki pembe zikutane, na inakubali viraka vya kila umbo. Waanzishieni mfarishi wa mtoto, inchi 36 kwa 36.

Pini na sindano msizilaze kwenye kitambaa usiku. Kwa unyevu wetu huu asubuhi zimeacha doa la kutu, na doa la kutu sabuni hailiwezi.

Sasa mteja. Godoro la sita kwa sita ni inchi 72 kwa 72. Ukitaka uanguke inchi tisa kila upande na kumi na mbili miguuni, unahitaji 90 kwa 84. Kwa viraka vya inchi 6 baada ya kushonwa, hiyo ni safu 14 za viraka 15, yaani viraka 210, kila kimoja kikikatwa inchi 6½. Kanga moja iliyokwisha kufuliwa inatoa karibu viraka 48 ikikatwa yote. Ukiondoa pindo na jina, hesabu nusu ya hapo, kwa hiyo andaeni kanga tisa. Utepe wa kukungia ukingo ni inchi 348 kuuzunguka, ongeza 12 za pembe na maungio, zinakuwa 360. Kateni kwenye kitenge tepe tisa za upana wa inchi 2½, ziungwe hanamu ili maungio yasifanye kivimbe, zikunjwe mara mbili.

Ipokeeni kazi, kwa masharti. Mmoja akate vyote, kwa kigezo kimoja. Mmoja ashone safu zote, kwenye charahani moja iliyopimwa. Mshono wa mkono wa mwisho gawaneni. Bei msiihesabu kwa kanga, ihesabuni kwa siku za kazi. Kwa hiyo shoneni kwanza safu moja, mwangalie saa ilipoanza na ilipoisha, mzidishe kwa 14, muongeze kukata, bandi na mshono wa mkono, ndipo mumtajie mteja bei. Na muulizeni anataka lini. Akisema mwezi wa nne mwambieni hapana, masika yakikaza kitambaa hakikauki siku mbili mfululizo na mtajikuta mnakata kanga mbichi. Naomba unitumie picha ya mraba wa jaribio la marekani mkishaifua, nione imerudi kiasi gani kabla hamjanunua ya kutosha.

Wasalimie wote hapo.

Mama yako