Kuanza kukimbia ukishavuka 50: pumzi inarudi mapema, visigino vinachelewa

Kaka uliyeuliza kama miaka 52 sio too late kuanza kukimbia, umesema umejaribu siku 2 ukahema mpaka ukataka kutapika na siku ya 3 ukaacha, nimesoma majibu ya wenzangu wengi wanakwambia jikaze tu utazoea. Mi naomba niseme tofauti kidogo, nina miaka 58, nilianza nikiwa na 54, na kilichoniumiza mimi ni huko huko kujikaza.

Nipo Tanga. Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 30, na kukimbia nilikokujua mimi ni mchakamchaka wa asubuhi tulipokuwa wanafunzi, wote mwendo mmoja, ukibaki nyuma fimbo. Kumbe hiyo picha ndo inatuharibia wengi wa rika letu, tunaamini kama huhemi kama mbuzi wa kuchinjwa basi hujakimbia.

Siku nilipopimwa presha ikasoma 158 kwa 96 daktari akaniandikia dawa akanambia na mwili wenyewe uutembeze. Kwaiyo kaka na wewe anzia hapo, kapime presha na sukari kabla ya kununua raba, na kama ukipanda ngazi kifua kinabana au kwenu kuna watu wameondoka ghafla kwa moyo mwambie daktari akuangalie moyo kwanza. Na dawa usiache eti sasa unafanya mazoezi, mi bado nameza, dozi imepunguzwa lakini aliyepunguza ni daktari sio mimi.

Wiki 4 za mwanzo sikukimbia hata hatua moja. Nikishasali alfajiri natoka na jirani yangu tunashika barabara ya Hospitali, tunapita Bombo kuelekea Raskazone, dakika 15 kwenda 15 kurudi, siku 4 kwa wiki. Wiki ya 5 tukaanza nguzo za umeme, nguzo moja tunakimbia mbili tunatembea, tukifika tunageuza. Saa sikuwa nayo na sikuihitaji.

Na hapo kwenye kukimbia ndo naomba unielewe vizuri, namaanisha polepole kiasi kwamba mtu anayetembea haraka anaweza akawa sambamba na wewe. Kipimo changu ni Ayatul Kursi, naianza kimoyomoyo kisha kwa sauti, nikifika mwisho bila kukatwa na pumzi katikati ya maneno najua mwendo ni wenyewe, nikikatika napunguza. Wewe tumia chochote unachokijua kwa moyo, sala, shairi la shuleni, hata kuongea na mwenzio. Ulivyotaka kutapika siku ile haina maana umri umepita, ni kwamba ulitoka na mwendo wa kijana wa miaka 20.

Sasa nije kwenye kosa langu maana ndo sababu hasa ya kuandika yote haya. Ilipofika wiki ya 10 au 11 hivi pumzi ilifunguka ghafla, yani nilikuwa naamka nahisi mwepesi, nguzo nikazisahau nikawa naunganisha tu, Jumamosi moja nikakimbia mpaka mwisho wa Raskazone na kurudi bila kusimama, raha niliyoipata siwezi kuielezea, kesho yake nikarudia tena na keshokutwa tena. Siku ya 4 nimeshuka kitandani mguu wa kulia haukanyagiki, ule mshipa mnene nyuma ya kisigino umekaza na umevimba. Nilikaa miezi 3 bila kukimbia na nililia kaka, sio kwa maumivu, ni kwamba nilidhani kile kitu nimekipata na kimeshaondoka.

Mtu wa fiziotherapia alinieleza vizuri sana. Moyo na mapafu ukivifanyisha kazi unaona mabadiliko ndani ya wiki chache, lakini kano, yani hizo kamba zinazoshika misuli kwenye mfupa, damu inazifikia kidogo kwaiyo zinajijenga taratibu, inachukua miezi, na umri ukienda ndo zinazidi kuchelewa. Pumzi inakwambia twende na kisigino bado hakijawa tayari, na kisigino hakisemi siku ile ile, kinasema asubuhi ya pili ukiwa unatoka kitandani. Tangu hapo nasikiliza zile hatua 10 za kwanza kutoka kitandani hadi chooni, zikiwa ngumu kuliko kawaida siku hiyo natembea tu, hata kama najisikia kupaa.

Dawa aliyonipa ni kusimama kwenye ngazi kwa vidole, visigino vikining'inia, napanda kwa miguu yote miwili halafu nashuka taratibu kwa ule mbovu peke yake, mara 15 mizunguko 3, asubuhi na jioni kwa wiki 12. Ilinisaidia na mpaka leo naifanya siku 3 kwa wiki, ningeijua toka siku ya kwanza ningeianza na zile wiki za kutembea. (Ila kama mguu umeshakuuma usijitibu kwa maneno yangu, nenda ukaonwe.)

Niliporudi nikajiwekea utaratibu ambao sijauvunja, sikimbii siku 2 mfululizo, na nikiongeza umbali nakaa hapo hapo wiki 3 ndo niongeze tena. Ni mwendo wa kinyonga, najua. Kukimbia km 5 bila kusimama kulinichukua miezi 11 ukihesabu na ile niliyokaa, dakika 44. Sasa hivi Jumamosi nafika km 8.

Raba za mtumba hazina shida lakini bonyeza soli kwa dole gumba pembeni, ikiwa ngumu kama ubao imekufa hata kama juu inang'aa, iache. Chukua inayobakiza nafasi kidogo mbele ya vidole. Jua la huku kipindi cha kaskazi ikishafika saa 1 na nusu ni la kuangusha mtu, usiahirishe ukasema utatoka baadae. Ramadhani mi sikimbii, natembea tu baada ya tarawehe.

Na dada zangu mnaosoma kimyakimya, najua mpo. Sidiria inayobana vizuri ni muhimu kuliko raba, mafuta ya mgando mapajani, mtandio mwepesi usioshika jasho. Macho ya watu ni ya mwezi mmoja. Wiki za mwanzo bodaboda walikuwa wanasimama wananiuliza kwa huruma kabisa, mama kuna nini, nani amezidiwa? maana kwetu mwanamke wa umri wangu akikimbia barabarani ni taarifa mbaya. Sasa hivi hao hao wananipisha. Na tukishakoma hedhi mifupa inapungua nguvu haraka, kuikanyagisha chini kunaisaidia, kwaiyo msiwaachie wanaume hii kitu.

Kaka, wiki hii tembea tu. Ukishapima presha urudi uandike hapa imesoma ngapi, na useme raba ulizonazo ni za lini na barabara ya kwenu ni lami au vumbi, tupange hizo nguzo zako.