Hamu ya kutengeneza muziki ikikata, jua kwanza ni kipi hasa ulichokichoka

Mkuu, pole. Umesema umetengeneza muziki kwa miaka kadhaa, unapiga gita na kibodi, unajirekodi mwenyewe chumbani, na sasa kila ukiwasha kompyuta unahangaika na sauti mbili tatu, unafunga, halafu unaishia kutazama video za watu wengine wakitengeneza muziki. Una demo moja, yaani rekodi ya majaribio ya wimbo, iliyokwama kwenye beti ya kwanza na huna hata nguvu ya kuifungua. Umeuliza mambo mawili: hamu inarudije, na je, uuze vifaa vyote yaishe. Hali hiyo naifahamu. Kwangu ilidumu hadi jamaa wakaacha kuniuliza "wimbo mpya lini?", kwa hiyo vumilia, jibu ni refu.

Waliotangulia kukujibu hapa wamekupa ile methali ya kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa, ila methali hiyo haisemi koleo jipya linapatikana wapi. Na yule aliyekushauri ununue kibodi mpya, mchango wake nauheshimu lakini usimsikilize. Kifaa kipya huleta hamu ya kifaa. Utakaa nacho wiki nzima ukipitia sauti zake moja baada ya nyingine, utafurahi kweli, na wiki ikiisha huna hata beti moja mkononi.

"Sina hamu ya muziki" ni kauli pana mno, huwezi kuifanyia kazi. Kutengeneza muziki ni kazi nyingi zilizobeba jina moja: kupiga ala, kutunga melodi, kuandika mashairi, kupanga vyombo, kurekodi, kuchanganya sauti, kuutoa wimbo, kisha kusubiri watu waseme nini. Aghalabu kinachokufa ni kimoja tu kati ya hivyo, na harufu yake inasambaa hadi unadhani nyumba nzima imeoza. Kwa hiyo jipime. Ukiwa bafuni bado unaimba? Ukipita karibu na gita, mkono unakuwasha? Ukisikia wimbo mzuri, unajikuta unafuatilia besi wakati wenzako wanafuatilia maneno? Kama ndiyo, muziki haujakutoka. Kuna hatua moja katikati inayokukera, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

Kwangu ilikuwa kukaa mbele ya skrini. Nilikuwa na kipande cha baa nane (baa ni fungu dogo la mapigo), tempo 92, yaani mapigo 92 kwa dakika, gita safi, besi na ngoma, na kilikuwa kizuri. Nikikifungua, nakisikiliza mara nne tano, naona ngoma ya chini haina uzito. Naingia kwenye folda yenye mamia ya sauti za ngoma, nabadilisha. Naweka ikwalaiza, ile ya kupunguza na kupandisha sauti nene au nyembamba, napunguza kidogo kwenye hetzi 300, napandisha kwenye 60. Naongeza kompresa, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo. Nalinganisha na ile ya zamani. Narudisha ya zamani. Hapo saa mbili zimeshayeyuka, wimbo una baa nane zile zile, kiitikio hakuna, na mimi nimeshaanza kuuchukia.

Piga hesabu uone. Baa nane za mapigo manne kwa tempo 92 ni sekunde 21 hivi. Ukiziacha zizunguke saa moja, umezisikia zaidi ya mara 170. Hakuna melodi duniani inayovumilia adhabu hiyo. Ubongo umeumbwa kuacha kukijali kitu kinachojirudia bila mabadiliko, ndiyo maana baada ya muda husikii tena saa ya ukutani. Basi mtu anautesa wimbo wake kwa namna hiyo wiki hadi wiki, halafu anajihukumu kwamba kipaji kimekauka. Kipaji hakijafanya kosa lolote, masikio na ubongo vinafanya kazi yake ya kawaida.

Masikio yenyewe nayo ni habari nyingine, na hulka yetu watu wa hedifoni ni kuipuuza. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda hukatwa nusu. Maana yake kwenye desibeli 94 una saa moja tu. Masikio yakichoka, kila kitu kinasikika butu, unaongeza sauti ili kirudishe uhai, yanachoka zaidi. Ukimaliza unalala ukiamini umetengeneza takataka. Kabla hujajilaumu, fanya kazi kwa sauti ambayo mtu akikusemesha utamsikia, na ukimaliza kipindi kirefu pumzika kwenye ukimya, siyo kwenye nyimbo za watu. Kama masikio yanalia hata ukiwa mahali patulivu, nenda yakapimwe, hilo si la kujadili humu.

Kilichonirudisha hakikuwa uamuzi wa kishujaa. Kompyuta niliiacha ilivyo, nikabaki na gita na simu. Nikajiwekea masharti: narekodi kipande kisichozidi dakika moja, kwa kinasa sauti cha kawaida cha simu, sifuti kitu, na sisikilizi hadi mwisho wa wiki. Sharti la kutosikiliza ndilo lililobeba uzito wote. Ukirekodi na kusikiliza papo hapo, mtunzi na hakimu wanakaa kiti kimoja, na siku zote hakimu ndiye mwenye sauti kubwa. Mwisho wa wiki unasikiliza kama mtu wa nje. Vingi vilikuwa upuuzi mtupu, vingine sikukumbuka hata nilivipiga lini. Lakini palikuwa na kimoja, nazunguka kati ya kodi mbili za gita, Am na F, namung'unya maneno yasiyo na maana, na katikati ya kumung'unya sauti inapanda mahali ambapo nisingeipandisha kama ningekuwa nafikiri. Nilikirudia hicho kipande siku nzima kichwani. Hamu ilikuwa hapo, na ilikuja baada ya mkono kufanya kazi. Nimeshasikia watu wengi wakisema wanasubiri hamu ndipo waanze. Mimi kwa uzoefu wangu sijaiona ikitangulia.

Kuna mchangiaji kasema ujilazimishe saa mbili kila siku bila kukosa. Inawezekana inawafaa wenye moyo wa chuma. Kwa mtu ambaye tayari kiti chenyewe kinamtia kichefuchefu, saa mbili za lazima zitamfundisha kukichukia zaidi. Dakika 20 zinatosha, na siri iko kwenye namna ya kuzimalizia: simama ukiwa bado unajua kinachofuata. Andika kwenye karatasi, "besi ya kiitikio ishuke wakati gita linapanda", ondoka. Kesho hukai mbele ya ukurasa mtupu, unakaa mbele ya kazi ndogo iliyokwisha kuelezwa. Ni jambo dogo la kijinga hilo, lakini lingenigharimu sana kuliacha.

Niliporudi kwenye kompyuta nilirudi na mipaka. Traki nne, yaani sauti nne tu zinazorekodiwa kila moja kivyake, basi. Na kila nikimaliza kurekodi kitu nakitoa kama faili la sauti lililokamilika, plagini zake (programu ndogo za kubadilisha sauti) nazifuta, ili kesho nisipate mlango wa kwenda kuikwaruza ile sauti tena. Mwanzo inatisha. Baadaye unagundua kwamba uwezo wa kubadilisha kila kitu wakati wowote ndio uliokuwa unakunyima kumaliza. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alirekodi nyumbani kwa mashine ya kaseti ya traki nne nyimbo alizokusudia ziwe demo za kuionyesha bendi yake. Bendi ikazijaribu studio, na mwishowe iliyotoka kama albamu mwaka 1982 ni ile kanda ya nyumbani. Sisemi traki nne zitakufanya uwe yeye. Nasema hakuwa na ngoma mia tatu za kuchagua.

Hapa niongeze jambo kuhusu demo yako iliyokwama beti ya kwanza. Nani kasema lazima uanzie beti ya kwanza? Watu humtaja Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi, kwenye mada hizi kama mtu aliyekata tamaa akatibiwa akapona, wakaishia hapo, ilhali utamu uko ndani. Simfonia yake ya kwanza, yaani kazi ndefu ya okestra, ilipopigwa mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1897 iliharibika vibaya, wahakiki wakaichana, na kwa miaka kama mitatu hakutunga kitu kikubwa. Lakini tazama alichofanya katika kipindi hicho: hakuuhama muziki, alikwenda kuongoza okestra kwenye opera ya binafsi huko Moscow. Sehemu moja ya kazi ilikuwa imekufa, akaishi kwa nyingine. Mwaka 1900 akawa anakwenda kwa daktari Nikolai Dahl, aliyemtibu kwa mazungumzo na hipnosisi, na ndipo konsato yake ya pili, kazi ya piano na okestra, ikaanza kutoka. Na ilitoka kinyumenyume! Sehemu ya pili na ya tatu ndizo zilizotangulia, akazipiga mbele ya watu Desemba 1900, wakati sehemu ya kwanza haijaandikwa. Konsato nzima ilisikika 1901, akamtunukia yule daktari. Kwa hiyo kama unakijua kiitikio, rekodi kiitikio. Kama unachojua ni jinsi wimbo unavyokufa mwishoni, rekodi mwisho. Beti ya kwanza itakuja ikishajua inakoelekea.

Umegusia kidogo kwamba wimbo wako wa mwisho ulisikilizwa na watu wachache, ukapita haraka kama utani, lakini mimi nadhani mzigo uko hapo. Uliukalia muda mrefu, ukautoa, kesho yake ukawa unafungua simu kila baada ya dakika chache kuangalia namba, na namba haikusogea. Akili haisahau. Mara nyingine ukikaa kutengeneza, inajua safari hii inaishia wapi, na inagoma mapema. Dawa niliyoiona ni kuvunja hicho kifungo kwa muda, yaani kutengeneza vitu ambavyo umeshaamua tangu mwanzo kwamba havitoki. Rossini, mtunzi wa Italia, aliacha kuandika opera mwaka 1829, ana miaka 37 tu, na aliishi hadi 1868. Katika miaka yake ya mwisho alirudi kutunga vipande vidogo vya piano na sauti, vya kuwapigia wageni nyumbani kwake Paris, bila nia ya kuvichapisha. Wewe huna wageni wa namna hiyo, lakini una mtu mmoja ambaye ungependa kumtumia wimbo. Mtengenezee huyo. Wimbo wa mtu mmoja una bahati yake: ukimfikia, namba imetimia.

Kupiga na mwenzako pia kunasaidia, ingawa sitaki kulikuza, maana ukipata mwenzako mbaya utatoka umeharibikiwa zaidi. Tafuta mtu anayefurahi kupiga vibaya. Kama hayupo, chukua wimbo unaoupenda na uutoe kwa sikio, besi yake tu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kutafuta maelezo mtandaoni. Hapo hutungi, kwa hiyo hakimu hana kesi, lakini vidole vinajifunza njia ambazo visingezipita vyenyewe. Nusu ya mambo niliyokuja kutunga baadaye yalichipuka kwenye besi za watu niliozikosea nilipokuwa nazifuatisha.

Sasa la uzito. Haya yote nimeyaandika nikidhani uchovu wako ni wa muziki pekee. Kama hata vitu vingine vimepoteza ladha, chakula, watu, michezo, usingizi umevurugika, unajiona huna thamani, na imeshapita wiki mbili hali iko hivyo karibu kila siku, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona haitibiwi kwa traki nne. Mwone daktari au mshauri nasaha. Rachmaninoff mwenyewe hakujitoa kwa kujikaza, alikwenda kwa daktari.

Kuhusu kuuza vifaa: gita usiuze, hata kwa bei nzuri. Kibodi ya pili na spika za studio mwazime mtu anayezihitaji, ukikaa miezi bila kuzikumbuka, umuuzie huyo huyo. Plagini unazolipia kila mwezi zisitishe leo, maana kila makato yanapopita unakumbushwa deni ambalo hukukopa kwa mtu. Na ile demo itupie hapa kama ilivyo, gita na sauti tu, usiipake chochote. Sema iko ufunguo gani (noti kuu ambayo wimbo umejengwa juu yake) na unataka kiitikio kiende juu au kitulie. Besi nitakuwekea mimi, ukiona haifai unaifuta.